Kusoma kwa Macho

Miaka ya mwanzo ya sabini, mpango wa kisomo cha watu wazima ulipofika kijijini kwao karibu na Kamachumu, katibu wa tawi la chama alimfuata Joviana, mke wa Mushumbusi. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na wanawake waliofika hapo hawakuwa wengi. Akakubali. Kila alasiri, kazi za kibanja cha migomba zikiisha, alifundisha katika chumba cha mafundisho ya dini cha kigango chao. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwemo mama mkwe wake, Anatolia.

"Kule darasani nitakuita Mwalimu," Anatolia alimwambia wakiwa njiani siku ya kwanza. "Tukirudi jikoni utakuwa Joviana tena."

Anatolia aliwapita wote. Wenzake walipokuwa bado wanahangaika na ba, be, bi, yeye alisoma ukurasa mzima bila kukwama, tena kwa sauti ya kusikika nje. Mratibu wa elimu alipokuja kuwatembelea, yeye ndiye aliyesimamishwa asome. Wakampigia makofi.

Jioni moja Benigna, binti wa Joviana aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, alikaa karibu na moto akiwasomea kitabu chake. Alisoma vizuri, ila kitabu alikuwa amekigeuza, miguu ya watu kwenye picha ikiangalia juu. Mushumbusi alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Joviana naye alicheka, kisha akamwona mama mkwe wake. Anatolia hakucheka. Alikuwa akiutazama moto.

Kesho yake darasani Joviana alimtazama kwa makini. Anatolia alipofungua kitabu, kurasa mbili zilikuwa zimeshikana, akaziruka bila kujua. Mbele yake palikuwa na habari za kisima. Yeye akasoma habari za shamba la kahawa, neno kwa neno, kama Joviana alivyozisoma juzi. Wengine hawakugundua. Joviana alisubiri mpaka walipobaki wawili njiani.

"Mama, unasoma kwa masikio."

Anatolia aliongeza mwendo. "Katekisimu yote niliipata kwa masikio," akasema. "Padre alinisifu. Hakuna aliyeniambia nimekosea."

"Hukukosea. Una kichwa kinachoshika sana."

"Basi mbona unaniambia kama mtu aliyekamatwa?"

Wiki ile hakurudi darasani. Alisema maharage yanamsubiri.

Joviana alilifikiria jambo hilo alipokuwa akimenya ndizi. Kwanza alikuwa amedhani watu wazima hushindwa kwa sababu vichwa vyao vimechoka, na watoto huweza kwa sababu vyao ni vipya. Sasa aliona sivyo. Benigna na bibi yake walikuwa wamefanya jambo lile lile. Tofauti ni kwamba kila siku mwalimu wa Benigna alimshika kidole na kukiweka juu ya herufi, wakati Anatolia, kwa kuwa alijibu haraka, aliachwa aende. Kila alichosikia kilikaa, kwa hiyo macho yake hayakuwahi kupata kazi.

Siku ya Jumapili, baada ya misa, alichukua vipande vya boksi na mkaa, akaandika maneno ya sala ambayo Anatolia aliyajua tangu utoto, kila neno kwenye kipande chake. Akavipanga juu ya mkeka.

"Sali polepole, Mama, na kidole kifuate."

Kidole kilimaliza kabla ya mdomo. Wakarudia. Mara ya tatu vikaenda pamoja. Ndipo Joviana akavichanganya vipande vyote.

"Nionyeshe neno 'mkate'."

Anatolia aliinama. Hapakuwa na kitu cha kukumbuka, ilibidi atazame. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akachukua kipande kimoja. Kilikuwa chenyewe. Akaendelea kutafuta kingine.

Alirudi darasani akawa wa mwisho. Alisoma kwa kukwama, jasho likimtoka puani, na wale waliompigia makofi sasa walimsubiri. Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili alipita.

Miezi kadhaa baadaye walikwenda pamoja Kamachumu kununua dawa ya kupulizia mibuni. Dukani Anatolia alilishika kopo la dawa, akaligeuza, akaanza.

"Ta... ha... za... hapana, dha. Ri." Akamgeukia mkwe wake. "Tahadhari. Joviana, tahadhari ni nini?"

Joviana alimtazama. Kiswahili cha mama mkwe wake kilikuwa cha kanisani na sokoni, na neno hilo Anatolia hakuwahi kulisikia popote.

"Ni kuambiwa ujihadhari. Kitu hiki kina hatari."

"Ahaa," Anatolia akasema, akalisoma tena, mara hii kimya.

Walipofika nyumbani Mushumbusi alitaka kuliweka kopo jikoni, karibu na unga. Mama yake akamzuia, akalipeleka mwenyewe kwenye kibanda cha majembe.