Nyumba Inayotazamana na ya Wifi

Kwa miaka minne nimewaambia watu kwamba nilinunua nyumba Nzuguni, hapa Dodoma, kwa sababu ya hewa. Wale wanaoijua Nzuguni na vumbi lake la mwezi wa tisa niliwaambia ni kwa ajili ya ukaribu na kazini, ingawa kazini kwangu ni upande wa pili wa mji. Ukweli ni kwamba nilinunua kwa sababu wifi yangu alikuwa amenunua.

Wifi ni mke wa mdogo wangu wa kiume. Ni mtoto wa Kondoa, anauza vitenge sokoni, na shule aliishia darasa la saba. Mimi nina shahada mbili, na nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu kuridhika. Siku mdogo wangu aliponipigia na kusema, "Dada, tumepata nyumba, tena ya kona," nilimpongeza kwa sauti nyembamba ambayo hata mimi niliishangaa. Kisha nikaketi katika nyumba yangu ya kupanga nikiitazama dari ya mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilikuwa ofisi ya mauzo. Ukutani palikuwa na ramani ya mtaa mzima, visanduku vinavyofanana kama vya viberiti, na vilivyouzwa vimepakwa rangi nyekundu. Nikaulizia kona. Binti wa mauzo akasema kona zimekwisha. Nikaweka kidole kwenye kisanduku kinachotazamana na cha wifi.

"Hii, dada, jua la mchana linapiga mbele moja kwa moja," akasema. "Huku nyuma kuna nzuri zaidi."

"Nataka hiyohiyo."

"Una ndugu pale?"

"Hapana," nikasema, na sikupepesa macho.

Nyumba zetu zilitoka mkononi mwa fundi mmoja: vyumba vitatu, bati la rangi ya udongo, kibaraza cha kuweka viti viwili. Tofauti ilikuwa ile kona. Wifi alipata kipande cha ziada cha ardhi ubavuni, chenye umbo la kabari, ambacho hakukifanyia lolote. Kilikuwa na kifusi cha wajenzi na majani. Mimi ningekiwekea bustani na benchi. Nililala nikikipanga na kuamka nikikipanga, na hakikuwa changu.

Asubuhi alikuwa akinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Nimemzidi miaka mitatu tu, lakini alinipa shikamoo ambayo mlinzi wa geti la mtaa aliisikia.

"Shikamoo, wifiii!"

"Marahaba," nilijibu, nikihisi mvi zikiota.

Wifi alipojenga kijia cha pevingi, vitofali vya saruji, kutoka getini hadi mlangoni, mimi nilimwita fundi nikamwambia atandaze vile vitofali uwanja mzima, ukuta hadi ukuta. Fundi aliuliza kama nisingependa kuacha hata duara la kupanda mti. Nikamwambia sitaki vumbi. Kazi ilipokwisha niliweka picha kwenye kundi la simu la wakazi, na chini yake nikaandika kwamba ni vyema kila mmoja akaangalia majani yake, kwani nyoka hawana adabu. Mtaa mzima ulijua majani yalikuwa ya nani. Wifi alijibu kwa picha ya mikono miwili iliyounganishwa, ile ya kushukuru. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Haya yote yangebaki upuuzi wangu wa kimyakimya kama baba asingefariki, na mama akabaki peke yake kijijini Kibakwe, na magoti yaliyokataa vilima. Tulikaa kikao, mimi na mdogo wangu. Tukakubaliana mama aje Dodoma mjini. Aje kwa nani ndiyo ikawa shughuli.

Kwetu mama halali kwa mkwe wake wa kiume. Ni aibu, hata kula mbele yake ni mtihani. Ndiyo maana akina mama huenda kwa watoto wa kiume. Lakini mimi mume niliachana naye zamani. Hati ya nyumba ina jina langu peke yangu. Kwa mara ya kwanza talaka yangu ikawa sifa, na niliitaja kikaoni kwa fahari kiasi kwamba mdogo wangu alinitazama.

"Dada, tumwachie mwenyewe. Akae mwezi kwako, mwezi kwetu, halafu achague."

Nikasema sawa, ila aanzie kwangu.

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka mama anichague. Nilinunua kitanda cha chini kwa ajili ya magoti, pazia zito, na redio ya kusikiliza ibada. Mama alifika mvua zilipokuwa zimeanza. Alizunguka nyumba yote, akagonga kuta, akasema, "Umejitahidi, mwanangu." Kisha akatoka nje na kusimama katikati ya uwanja.

"Mvua ya hapa inaingia wapi?"

"Kuna mfereji, mama. Inatoka barabarani."

"Inatoka," akasema. "Na maji ya kuoshea vyombo unamwaga wapi?"

"Kwenye sinki."

"Na sinki linamwaga wapi?"

Nilimweleza habari za mashimo na mabomba. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni.

Kila asubuhi aliamka akafagia. Kufagia pevingi hakuchukui hata robo saa. Kisha alikaa kibarazani akiwa ameshika ufagio, jua likipanda na vitofali vikianza kurudisha joto usoni kwake, akaniuliza, "Nimemaliza. Sasa?"

Nilimwambia apumzike. Alinitazama kama niliyemtukana.

Siku ya tisa akavuka barabara kwenda kusalimia. Alirudi na upande wa kanga umejaa mlenda pori. Kumbe yale majani niliyoyasema kwenye kundi, mvua ilipoyagusa, nusu yake yalikuwa mboga. Kesho yake akavuka tena, safari hii akakuta wifi amemnunulia jembe dogo la mpini mfupi. Nilisimama nyuma ya pazia zito nikawaona wawili hao wameinama juu ya kile kifusi, wanacheka. Nikajaribu kukumbuka ni lini mama alicheka kwangu. Alicheka mara moja, nilipoleta ndoo tatu zenye udongo na miche.

"Kilimo cha kwenye ndoo!" alisema akijifuta machozi. "Mwanangu, na ng'ombe utamfuga kwenye kikombe?"

Nilinunua mlenda sokoni, nikaupika kwa karanga jinsi alivyonifundisha. Alionja mara moja. "Umenunua," akasema, na akala kwa adabu.

Jioni moja wifi alikuja mwenyewe hadi getini, bila shikamoo ya kelele.

"Wifi, usinielewe vibaya. Ng'oa hata safu nne za vitofali, hapo upande wa jikoni. Mama atapata pa kuchezea."

"Fundi alisema ukigusa moja vinalegea vyote."

"Basi vilegee, wifi. Si vitofali tu?"

Nilimshukuru kwa ushauri, kwa Kiswahili kile ninachotumia kuwajibu wahariri, nikafunga geti. Kilichonikera ni kwamba alikuwa sahihi. Ningeweza kumvumilia mwenye kona, au aliye sahihi, lakini si wote wawili katika mtu mmoja.

Mwezi wa kwangu ukaisha, mama akahamia kwao na nguo chache. Begi kubwa akaliacha kwangu. Nilijifariji kwa begi lile. Mtu haachi begi mahali asiporudi. Nilikaa wiki mbili nikiwaza, kisha nikameza kiburi, nikampigia fundi.

"Dada, watu wananiita kutandaza, wewe unaniita kung'oa?" fundi akauliza.

"Ng'oa vyote. Acha kijia tu."

Alisema atakuja Jumamosi.

Alhamisi saa moja asubuhi, kabla sijaondoka kwenda kazini, simu ikalia. Alikuwa mama. Yeye huongea na simu kama anamwita mtu aliye kilima cha pili, kwa hiyo nilimsikia mara mbili: sikioni, na dirishani kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mwanangu, niletee begi langu. Na viatu vilivyo chini ya kitanda. Usiache kitu."

"Mama, mwezi haujaisha."

"Najua haujaisha."

"Fundi anakuja Jumamosi. Naondoa vitofali, mama. Utalima."



"Vizuri. Utalima wewe," akasema. "Mimi nimeshapanda huku."

Nikamuuliza, na bado naona haya kwamba ndilo nililouliza, "Wifi ndiye amekwambia unipigie?"

"Yuko sokoni," mama akasema, na kwa mara ya kwanza akapunguza sauti, nikamsikia sikioni tu. "Nimengoja atoke, asije akakuona ukiwa umebeba begi. Najua unavyomwonea wivu. Njoo sasa."