Walimvua Kofia

"Mtoto mweupe hivi, umezaa na nani?" Aliyeniuliza ni mke wa rafiki ya mume wangu, amekuja kunitazama uzazi katika chumba chetu cha Bur Dubai, na mume wangu kaketi pale pale. Nywele za binti yangu zilikuwa nyeupe kama pamba, na nilikuwa nimeshaelewa. Kwetu Mombasa nilikuwa na jirani mwenye ualbino.

Baada ya miezi michache macho yake yakawa yanachezacheza, hayatulii. Daktari wa macho akatueleza: haoni mbali, mwanga unamuumiza, miwani itamsaidia lakini haitamponya. Wa ngozi akasisitiza mikono mirefu, kofia pana, na losheni ya jua ipakwe tena na tena kila atokapo nje. Tukayashika hayo kama swala.

Alipoanza chekechea nilimweleza mwalimu wake yote. "Usijali, madam," akasema.

Siku ya michezo nilichelewa. Nilimkuta mwanangu katikati ya uwanja, kichwa wazi, kavalishwa fulana isiyo na mikono, kafumba macho na machozi yanamtiririka. Kofia na miwani vimetupwa kwenye benchi.

"Tulitaka afanane na wenzake kwenye picha," mwalimu akaniambia, anatabasamu.

Afanane! Nilimfunika kwa mtandio wangu nikaondoka naye bila kuaga. Jioni mabega yalikuwa mekundu. Kesho yake yakatoka malengelenge. Alilala kifudifudi, shuka ikimgusa analia. Mume wangu, mtu asiyepandisha sauti hata na wateja wakorofi dukani, alipiga ngumi mlango wa kabati.

Tulikwenda pamoja kwa mkuu wa shule.

"Ni bahati mbaya," akasema. "Inshallah haitatokea tena."

"Bahati mbaya ni mtoto kuteleza," nikamwambia. "Huyu amevuliwa nguo zake na mtu mzima aliyeambiwa."

Nikamfunua mtoto mabega. Mkuu yule akaagiza mwalimu aitwe. Mwalimu alipoanza kuniomba radhi nilimkatiza: "Si mimi uliyeniunguza." Akapiga magoti, akamwomba radhi binti yangu, ambaye alijificha nyuma ya baba yake.

Sasa anakaa dawati la mbele, na jua likiwa kali anacheza ndani na wenzake. Anasoma kitabu kikiwa karibu na pua, na anasoma vizuri. Bega moja limebaki na baka. Kila asubuhi nikimpaka losheni nalipitishia kidole, na hasira hupanda upya.