Dagaa Ndani ya Mkoba wa Laptop

Nitasimulia mwenyewe kabla hamjasikia toleo la Njoroge, kwa sababu la kwake lina chumvi nyingi, na la kwangu lina aibu ya kutosha bila kuongezwa kitu.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Mchana nakata fremu za milango ya chuma kwenye karakana moja hapa Garland, Texas, na kwa miaka sita, kila nikitoka kazini, nimejifundisha kuchora ramani za majengo kwa kompyuta, bila mwalimu, kwa vitabu vya maktaba na video za bure. Laptop yangu ya zamani ilipoanza kuganda kila nikifika ghorofa ya pili, niliamua kununua yenye nguvu, na sikukurupuka: nilichukua daftari, nikapiga jedwali, nikalinganisha mashine tisa kwa miezi minne (mke wangu anasema yeye nilimposa kwa wiki tatu, na ni kweli). Nilitaka prosesa ya kasi, RAM ya gigabaiti thelathini na mbili, kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe ili jengo ligeuzwe pande zote bila kukwama, na feni za maana, kwa kuwa laptop nyembamba ikipata moto hupunguza mwendo hata kama ndani ina vyombo vizuri.

Binti yangu Neema alipendekeza moja nyembamba kama sahani. "Dad, hiyo yako ni tofali," akasema.

Nilinunua tofali. Chaji yake ni tofali la pili. Na kwenye daftari, kwa wino mwekundu, niliandika kanuni niliyokutana nayo mara nyingi: mashine ya aina hii nguvu zake ziko kwenye umeme wa ukutani, ukiichomoa inajipunguza, na betri haifiki mbali. Naomba mlikumbuke hilo daftari.

Sasa, umoja wa watu wa Afrika Mashariki kule Houston ulikuwa umepata duka la zamani la mazulia, wanataka kuligeuza ukumbi wenye jiko na darasa la watoto. Mhandisi mwenye leseni wa kutia saini walikuwa naye. Walitafuta wa kuchora. Njoroge, rafiki yangu Mkenya wa Arlington, akanitaja, na mwenyekiti wao, Mama Salome, muuguzi asiyecheka ovyo, akanipigia simu.

"Kaka, sikufichi. Wajumbe wanaulizia shahada, na wewe huna. Vipimo vya duka nakutumia, chora, na Jumamosi ya wiki ya sita njoo utuonyeshe, tutaamua hapo hapo."

Miaka sita nilikuwa nachora majengo ambayo hakuna atakayeyajenga. Hili lingejengwa.

Asubuhi ya safari jirani yetu Mama Koku akagonga mlango. Amesikia naenda Houston. Mnatujua: mtu wetu hasafiri mikono mitupu, awe anakwenda harusini au hospitalini, atabebeshwa tu. Alikuwa na kifurushi cha dagaa wa Mwanza, kimefungwa magazeti, na juu ya magazeti kamba ya manila imezungushwa kama anafunga mwizi. Kilikuwa cha binti yake, Koku, mwenye mimba ya miezi minane.

"Baba Neema, mtoto hali kitu. Anataka dagaa, basi. Mjukuu wangu akizaliwa na alama usoni nitajua ni kwa sababu ya nani."

Nani angekataa? Tatizo lilikuwa gari, maana nilikuwa nasafiri na Njoroge, na Njoroge alishanionya zamani: "Mzee, samaki haiingii kwa gari yangu. Hata picha ya samaki." Basi nikafanya uamuzi mdogo. Mkoba wa laptop ni mnene, una zipu pande zote, harufu haitatoka. Nikaitoa chaji nikaiacha nyumbani, na dagaa wakaingia kwenye nafasi yake kama waliopimwa. Betri imejaa, nikajiambia, maonyesho ni nusu saa, na kwenye boksi wameandika inadumu hadi muda wa masaa kumi. (Mtu aliyelinganisha mashine tisa kwa miezi minne akaamini maandishi ya boksi.)

Njiani Njoroge alinusa, akafungua kioo, akalaumu malori ya ng'ombe. Nikakubaliana naye.

Mkutano ulikuwa ndani ya duka lenyewe, tupu, viti vya plastiki, watu kama arobaini. Nikafungua zipu na harufu ikatangulia kutoka. Nikawasha, nikaunganisha projekta, nikafungua jengo zima, feni zikaanza kuvuma, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba njia nzima matundu ya feni yalikuwa yamelalia dagaa, na sasa ile nguvu niliyoitafuta miezi minne ilikuwa inawapulizia wajumbe wa mstari wa mbele dagaa wa moto.

"Kuna mtu amekuja na mboga?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia.

Jengo likatokea ukutani kwa mafungu. Kuta. Tukangoja. Dirisha moja. Tukangoja tena.

"Na paa linakuja?" Mama Salome akauliza.

"Linakuja."

Halikuja. Tukangoja mpaka betri ikaisha, skrini ikazimika. Watu wakaniletea chaji zao, saba, nikazijaribu zote kwa utaratibu na hakuna iliyoingia. Nikiwa nimeinama na ya saba mkononi, mlango ukafunguliwa, akaingia dada mmoja ametanguliza tumbo.

"Samahani jamani. Nani amekuja na dagaa wangu?"

Sitaeleza kicheko kile. Njoroge alisimama peke yake, hacheki. "Mzee. Masaa manne nimetukana ng'ombe wa wenyewe."

Nikamkabidhi Koku mzigo wake. Akafungua kamba pale pale, akaketi, akaanza kuwatafuna wakavu, na kamba akaniachia mimi. Ilikuwa ndefu ajabu. Kiunoni nilikuwa na futi ya kupimia, kwa kuwa sitembei bila futi, na ramani ile nilikuwa nimeichora kwa mkono mara tatu kabla ya kuiingiza kwenye mashine, kila inchi naijua. Jengo limegoma kutokea ukutani, lakini sisi wenyewe tuko ndani yake.

"Naomba msimame," nikasema, "na kila mtu abebe kiti chake."

Nikapima, Njoroge akashika ncha ya kamba (kwa vidole viwili), viti vikawa pembe na miimo ya milango. Ndani ya nusu saa watu walikuwa wanatembea vyumbani. Mama mmoja wa kamati ya chakula akamwita mwenzake, wakashika sufuria ya hewani huku na huku, wakajaribu kutoka jikoni. Wakagonga viti.

"Fundi, mlango wako huu ni wa sahani. Pilau yetu hubebwa na wawili, ubavu kwa ubavu."

Nikawapima wakiwa wameibeba, nikasogeza kiti, wakapita. Kosa hilo lilikuwa limekaa kwenye mchoro wangu wiki tano, na mashine yenye nguvu namna ile haikuniambia.

Mzee wa kofia akakohoa. "Na shahada?"

"Mzee, umesimama wapi sasa hivi?" Mama Salome akamuuliza.

Akatazama kamba. "Darasani."

"Nani amekuambia?"

Akaninyooshea mimi kidole. Mama Salome akatugeukia. "Anayemkubali abaki ndani. Asiyemkubali avuke kamba."

Hakuvuka mtu, isipokuwa Koku, aliyekwenda kutafuta maji.

Ramani niliimalizia kwenye tofali lile lile, likiwa kwenye umeme, na sasa mlango wa jiko umeshawekwa, mpana. Sijutii uchaguzi wangu: daftari lilikuwa sahihi mstari kwa mstari, aliyekosea ni mwenye daftari. Mizigo ya watu bado nabeba, ila kwenye ndoo yenye mfuniko, na nimeapa sitatoka nyumbani kabla sijaishika chaji kwa mkono wangu. Matundu ya feni nimeyasafisha mara nne. Hata hivyo nikifungua jengo kubwa na mashine ikipata moto, chumba kizima kinanuka dagaa, na mke wangu hufungua dirisha bila kuuliza.