Vishingo vya Mama Tuhina

Monwara hakulia mwanawe alipokufa, na kijiji kizima kilimsema. Mimi pia nilimsema. Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa mianzi tu, na masikio yangu hayana mlango. Nilisubiri kilio, nikasikia sufuria, ufagio na pampu ya maji. Tuhina alikwenda na homa msimu wa mvua, na kesho yake mama yake akapika wali na dengu, akala, akaosha sahani. Ukimwuliza hujambo, alikujibu sijambo. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaufinya, mwenyewe anakutazama tu.

Mtoto aliacha kuku mmoja, kishingo mwekundu, asiye na unyoya kuanzia kichwani mpaka kifuani. Alimlea tangu kifaranga kwa chenga za mchele mkononi. Hata mvua hazijaisha, bweha akamchukua kuku naye. Yakabaki mayai yake ndani ya mtungi wa mchele. Monwara hakuyala wala hakuyauza. Yalikaa humo hadi ukungu wa baridi ulipoanza, kwa sababu hakuwa na moyo wa kufanya lolote.

Asubuhi moja akayachukua kwenye upindo wa sari akaenda kwa wifi yake, Jobeda. Huyo ni dada wa mumewe, mjane, ana chumba chake uani hapo hapo, na mdomo wake unajulikana hadi ng'ambo ya mto. Kuku wake mweusi alikuwa ameanza kuatamia.

"Niwekee na haya," Monwara akasema.

"Mama Tuhina, sharti unalijua." Sisi wengine tulikuwa tumeacha kumwita hivyo, tukiogopa kumtonesha kidonda. Jobeda hakuacha. "Mwenye kuku anayeatamia huchukua nusu ya vifaranga, na huchagua kwanza. Udugu ni udugu, kuku ni kuku."

"Najua."

"Na yangu yamo humo. Utavijuaje vyako?"

Monwara akatoa kikopo cha wanja cha mtoto, akachora mstari mweusi kwenye kila yai. Nilikuwa mlangoni, nikashindwa kujizuia.

"Dada, alama umelitia ganda! Kifaranga naye atatoka amepaka wanja?"

Jobeda alicheka mpaka akashika ukuta. Monwara akaligeuza yai mkononi.

"Hata sikufikiri," akasema, bila aibu wala hasira. "Basi nitavijua kwa shingo. Vitamfuata mama yao."

Vilipoanguliwa, tengani mlikuwa na kila rangi. Vyeusi vyenye tumbo jeupe, vya kahawia vyenye mistari mgongoni, vya njano vya miguu mirefu, maana Jobeda alikuwa amechanganya na mayai ya kuku wa kisasa aliyopewa na jirani. Na vitatu vilikuwa na shingo tupu. Monwara alichuchumaa, akavigusa kimoja kimoja.

"Hivi hapa," akasema.

Jobeda akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nilishangaa, maana mdomo ule haufungwi bure.

Tangu siku hiyo, kila kukicha Monwara alikuwa kando ya lile tenga. Alivimwagia chenga, alifukuza mwewe kwa fimbo, baridi ikizidi alivifunika kwa gunia la juti. Usidhani alichangamka. Kishingo kimoja kilipokufa kwa baridi, alikishika mguu, akakiokota, akaniambia, "Kimekufa," akaendelea kufagia. Mimi ndiye niliyeumia, nikarudi nyumbani nimenuna siku nzima.

Kuku mweusi alipoanza kuwadonoa wanawe na kuwafukuza, siku ya kugawana ikafika. Jobeda akatia mkono tengani. Akatoa kishingo.

"Huyo hapana," Monwara akasema.

"Nachagua kwanza, ndiyo desturi."

"Chagua kwa wale wengine. Chukua hata wote. Hawa wawili ni wa Tuhina."

Jina hilo hatukuwa tumelisikia kinywani mwake tangu msiba. Jobeda akabaki amemshika yule kuku mdogo, miguu inatapatapa hewani.

"Ni wa jogoo wangu hawa. Shingo tupu ya jogoo wangu hujaiona?"

"Nimeiona. Hawa ni wa Tuhina."

"Mama Tuhina, mayai yako yalikuwa viza! Yote. Yalikaa mno mtungini. Niliyakuta chini ya kuku mazima, na wanja wako juu. Nilitaka kukwambia siku ile ile, nikakuona ulivyochuchumaa pale, nikashindwa. Leo nikasema niwachukue mimi, labda wakikutoka machoni utawasahau." Akamweka kuku chini. "Wachukue wote. Sitaki hata mmoja."

Nilimkasirikia Jobeda, kisha nikamhurumia, kisha sikujua nimfanye nini. Monwara hakuwatazama tena wale kuku.

"Uliyatupa wapi?"

"Sikuyatupa. Niliyazika, mbwa wasije wakazoea mayai."

"Wapi?"

"Nyuma ya migomba."

"Nionyeshe."

Kwetu mwanamke haendi makaburini. Tuhina alipobebwa, wanaume ndio waliokwenda, sisi tukabaki uani, na mpaka leo mama yake hajui amelazwa upande gani wa ardhi ile. Tukaenda nyuma ya migomba, Jobeda mbele.

"Hapa," akasema.

Monwara akakaa chini. Akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo kitambo, halafu akalia. Alilia kwa sauti, akiita jina la mwanawe, mpaka wanaume waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kuuliza kuna nini. Jobeda akawaambia wapite.