Nani Atamshikia Mjusi Kamba?

Mwili wako ni mali ya nani? Jibu haraka, kabla wa nyumbani kwako hawajasikia.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Nilitoka nalo chuoni likiwa bado la moto: mwili wa mtu ni wake, na anayemzuia asiuhatarishe ni mkoloni wa chumbani. Baba mdogo alilipenda jibu hilo kuliko mashati yote aliyowahi kushona.

Ni fundi cherehani. Siku sita huinama, pini mdomoni, mguu kwenye kanyagio. Jumapili hulikwea jabali lililo nyuma ya machimbo ya kokoto, na mtaa mzima humwita Mjusi. "Nimeinama siku sita," husema, "ya saba niacheni ninyooke."

Jumamosi moja mwenzake wa kumshikia kamba, fundi wa rangi, alileta habari kwamba mkewe amempiga marufuku. Na kesho yake Mjusi alikusudia kuupanda upande mrefu wa jabali, ambao alikuwa hajawahi kuumaliza. Mama mdogo akaniita dukani.

"Mwanangu, wewe umesoma. Mwambie huyu baba wa watoto watatu kwamba mawe hayana huruma."

Nikasimama katikati ya vipande vya vitambaa, nikahutubia. Uhuru! Utu! Mtu asibebeshwe hofu ya mwenzake! Mjusi alishangilia mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Mama mdogo hakubishana. Alichukua tepu, akampima mumewe kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha mabega.

"Unanishonea suti?"

"Vipimo vya seremala. Namwahi mapema. Nyie mafundi nawajua, kila siku 'njoo kesho'."

Nilicheka. Akanigeukia.

"Nawe mtetezi, kesho utamshikia kamba? Akiteleza, mikono yako ndiyo itakayomzuia."

Niliitazama mikono yangu. Ya kushikia kalamu.

"Kesho... nina kikao."

"Jumapili?"

"Cha vijana."

"Ala! Kumbe uhuru nao huwa na udhuru."

Mjusi aliinama kuokota pini zake, moja moja, bila kunitazama.

"Nitamshikia mwenyewe," akasema mama mdogo. "Kama ni ujane, angalau niwe wa kwanza kupata habari."

Asubuhi nilikwenda, kikao kiliahirishwa na aibu. Kamba ilitoka kiunoni mwa Mjusi, ikapita kwenye pete ya chuma kileleni, ikashuka hadi mikononi mwa mama mdogo, aliyejifunga kwenye jiwe kubwa. Mumewe akipanda hatua moja, yeye anavuta mbili.

"Legeza! Anayepanda ni mimi!"

"Panda basi, nani kakuzuia?"

"Suruali inanikata!"

"Kaishona nani?"

Karibu na kilele mguu ukamponyoka. Alishuka kama shubiri moja tu, kamba ikakaza, akaning'inia. Mimi ndiye niliyepiga yowe. Mama mdogo alisema, "Endelea," kwa sauti ndogo mno.

Akaendelea, akafika, akaifungua kamba kiunoni. Alirudi mbio kwa njia ya mbuzi ya nyuma, akicheka, mikono ameitandaza. Mkewe alikuwa bado amesimama palepale, kamba mkononi.

"Basi, mama, achia. Nipo chini."

"Havifunguki," akasema, akiviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Kicheko kikamkauka. Akapiga magoti kwenye kokoto, akaanza kuvifungua kimoja kimoja, taratibu, kama anayefumua mshono na hataki kuumiza kitambaa.