Nilivyozikwa Kawangware Nikiwa Mzima

Niliwahi kusikiliza matanga yangu mwenyewe, nikiwa hai, nimejibanza nyuma ya mbao za fundi wa majeneza.

Mwaka 1977, mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi. Mimi Wabwire, Msamia wa upande wa Uganda, mwalimu wa hesabu chuo kikuu, nilikuwa nimekimbia kwetu baada ya wenzangu kuanza kupotea mmoja mmoja. Wasamia ni Waluhya, na tuko pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo majirani Waluhya walinipokea kama mtoto wa nyumbani.

Mchana mmoja Wepukhulu, huyo fundi wa majeneza, akaja mbio. Makachero wawili kutoka kwetu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiniulizia. Mmoja alikuwa kijana mrefu aliyeitwa Okello.

Okello nilimfundisha. Nilimfelisha mara mbili, na mara ya pili alilia mbele ya darasa zima.

Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Wepukhulu akataka tufanye hivyo hivyo. Mama mwenye nyumba, Nasambu, akakataa mpaka nikubali sharti.

"Mtu hazikwi akiwa hai," akaniambia. "Tukikulilia leo, huwezi rudi kwa hii nyumba tena. Umesikia, mwalimu?"

Nilisikia. Sikuwa na nyumba nyingine duniani. Lakini roho ni tamu, nikakubali.

Mgomba ukakatwa nyuma ya choo, ukafungwa kwa shuka langu, ukalazwa jenezani kwenye karakana ya Wepukhulu, nami nikajibanza nyuma ya mbao zake. Nasambu akaanza kulia. Jamani, yule mama alilia mpaka nikajionea huruma.

Makachero wakaingia. Mkubwa wao alikuwa na bastola. Akasema hataki michezo, jeneza lifunguliwe.

Wepukhulu akajitetea kwamba mila haikubali. Yule bwana akacheka, akamwamuru Okello aangalie, maana ndiye aliyeijua sura yangu.

Nikasikia misumari iking'olewa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi, na kwa usomi wangu wote sikukumbuka hata sala moja.

"Ni yeye," Okello akasema.

Wakaenda zao.

Akina mama wa kanisa waliokuja kulia na Nasambu walisema Mungu amempofusha Okello. Mimi sikubishana na mtu. Jioni ile ile nilihamia Kibera, na Nasambu hakunipa mkono wa kwaheri. Maiti haiagwi mara mbili.

Baadaye nilipata masomo ng'ambo. Hesabu za maumbo nilizokuwa nikifundisha nikazigeuzia ulimwengu wenyewe, ulivyoanza na unavyotanuka. Ndiyo kazi yangu mpaka leo.

1986 nikarudi Nairobi kutoa mhadhara. Nilipotoka, mwanamume mrefu alikuwa ananisubiri mlangoni. Miguu ilitaka kukimbia kabla yangu.

Nikamuuliza Okello aliona nini jenezani siku ile.

"Mgomba, mwalimu. Hata haukufika mwisho wa jeneza."

Nikamkumbusha kwamba nilimfelisha. Mara mbili.

"Si nilistahili?" akasema. "Wengine walikuwa wanapasishwa juu ya majina ya baba zao. Wewe ulinipa alama zangu, na mtoto wa waziri ukampa zake. Wote tukaanguka."

Nililia pale pale, mbele ya maprofesa, bila aibu.

Ndugu zangu, wahenga walituambia akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakutuambia kwamba anaweza kuja na watu waliotumwa kukuua.