Zamzam na Ngazi Ambazo Hatukuziona

Masikio yamesikia, lakini mimi mwenyewe bado nakataa. Zamzam hayupo. Aki, Zamzam hayupo.

Mnaonifuata hapa mnajua huwa siandiki. Naweka picha ya mawingu halafu natoroka. Leo nivumilieni.

Alhamisi kifua kilimbana, kifua kilekile kilichomsumbua tangu utotoni. Ijumaa asubuhi akatuacha. Alasiri wanaume wa mtaa wao, Majengo, walikuwa wameshamzika, na mimi nilikuwa darasani nikifanya hesabu. Hakuna aliyejua ataniambiaje.

Kwa wasiomjua: alikuwa amemaliza kidato cha nne, akisubiri kwenda chuo kusomea uchoraji wa majengo. Hakutaka kusubiri bure. Kila Jumamosi tulikuwa kwenye lile gofu la Donholm, jumba la mawe lisilo na paa ambalo mbuzi wamelifanya kwao. Zamani lilikuwa la mwenye shamba, baadaye likawa vyumba vya kupanga, kisha likaachwa. Kikundi chetu cha vijana kinaomba lisibomolewe, ligeuzwe maktaba.

"Hakuna mtu atalilia mawe," Zamzam alisema. "Wacha tuwachoree nyumba."

Kwa hivyo tukaanza kulichora lilivyokuwa. Yeye na karatasi, mimi na tepu, namsomea vipimo.

"Bi Kimya, paaza sauti! Ukininong'oneza hivyo jumba litatoka kibanda cha kuku."

"Mita nne!"

"Asante. Sasa hata mbuzi wamesikia."

Bi Kimya. Hakuna mwingine niliyemruhusu kuniita hivyo.

Akitaka kupanda ukuta alifunga ncha za hijabu nyuma ya shingo, penseli akaichomeka juu ya sikio. Akishuka: "Nani amechukua penseli yangu?" Kila wiki! Nakiri sikuwa namwambia upesi. Nilipenda kumwangalia akiitafuta.

Alikuwa na sheria moja kwa kila site visit, yaani kila tukienda kupima. Tulichokiona, au aliyekiona ametuambia, mstari mzima. Tunachokisia tu, mstari wa vipande vipande.

Upande wa nyuma wote ulikuwa umeanguka. Ghorofani ulibaki mlango mmoja tu, unafungukia hewani. Nikasema lazima palikuwa na ngazi, kwani watu walikuwa wanaruka?

"Za mawe au za mbao? Zinashukia kushoto au kulia?"

"Sijui."

"Uliziona?"

"Sikuziona."

"Basi vipande. Tukiwadanganya kwa ngazi, nani ataamini madirisha?"

Nilinuna. Tukila viazi karai nikampa mgongo, mpaka akanisukumia kile cha mwisho.

Nilipoenda Majengo kuwapa pole, mamake alikuwa mkekani na wamama wenzake. Alinivuta nikaketi karibu naye. Baadaye akaagiza mchoro utolewe ndani, umekunjwa vizuri ndani ya leso.

"Beba, mwanangu. Mkutano na wakaazi kuhusu jumba si Jumamosi? Alisema utaongea wewe."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Alisema usiambiwe mapema, utakimbia."

Nikacheka. Katikati ya matanga, nikacheka, kisha nikalia kwenye bega lake. Zamzam alikuwa amenipangia haya yote bila mimi kujua!

Jumamosi ikafika. Kabla watu hawajakaa ukumbini, Brayo, mwenyekiti wetu, aliukagua mchoro akaninyooshea kalamu ya wino.

"Njoki, malizia hapa nyuma. Mchoro wa final lazima ukae kama final. Wataona tumeshindwa."

Nikaichukua. Kusema ukweli niliichukua. Ingekuwa rahisi, mistari michache tu, na hakuna mtu angeniuliza kitu. Ningekaa chini mapema.

Nikamrudishia. "Hatukuziona, Brayo."

"Manze, nani atajua?"

"Zamzam hangekubali." Sikunong'ona.

"Haya. Utawaeleza wewe."

Nikawaeleza. Veranda, madirisha, vyumba. Niliongea nikiangalia karatasi, si watu. Ndipo mzee mmoja mwenye bucha soko la Burma, amekuja na koti lake jeupe la kazi, akapiga kelele kutoka nyuma:

"Msichana, mbona huko mistari imekatika? Wino uliisha?"

Ukumbi ukacheka. Miguu yangu ilitaka mlango.

"Hapana, mzee. Hapo hatujui."

Akaja mbele. Akavaa miwani. Akaweka kidole juu ya ule mlango wa hewani.

"Mimi najua. Tulipanga humu nikiwa mdogo. Ngazi zilikuwa za mbao, zinashukia huku, upande wa jiko. Nilianguka hapa nikang'oka jino." Akafungua mdomo mbele ya watu wote, tukaona pengo. "Halikuota tena! Mngekuwa mmezichora, ningenyamaza. Ningesema hawa watoto wamejua."

Mama mmoja akadakia kwamba hata yeye alikuwa na shangazi aliyepanga pale. Mwingine akasimama. Brayo akatafuta kalamu, ya kuandika safari hii.

Kama jumba litaachwa lisimame, bado hatujaambiwa.

Zamzam, leo nimezichora zile ngazi. Za mbao, kuelekea jikoni, mstari mzima. Nimetumia penseli yako. Mamako aliiweka ndani ya mchoro, kwa hivyo usiitafute tena.

Ila kuna kitu. Sikukuona ukiondoka. Kaburi lako sijaliona. Sheria ni yako mwenyewe, kwa hivyo hapo nimeweka vipande, kwa sasa. Usinicheke, najua waliokuona wameniambia.

Lala kwa utulivu, rafiki yangu. Vipimo nitavisoma kwa sauti, hadi mbuzi wasikie.

Bi Kimya wako.